Jiko la kwenye picha ya vita lamwokoa mpishi wa Shelui

Saa kumi na mbili asubuhi, malori saba yameegeshwa kando ya barabara iendayo Nzega. Damari Mathayo amepiga magoti mbele ya mtaro, anasukuma kuni ndani. Juu ya mtaro zimekaa sufuria tatu: maharage, chai, na wali ambao bado haujakauka.

Moshi unatokea hatua kumi na mbili kutoka alipo, kwenye madebe matatu yaliyotobolewa na kupandishwa moja juu ya jingine kama bomba.

"Shikamoo mama," dereva mmoja anasema akinawa uso. "Siku hizi hutufukizi tena kama nyuki?"

"Marahaba. Nyuki wana adabu, wakifukizwa wanaondoka. Wewe ulikuwa unarudi kila wiki."

Damari ana miaka 54, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa hapa Shelui, mkoani Singida. Kwa siku anauza sahani sitini, ikichangamka themanini, kila moja shilingi 2,500. Watoto watatu, Ritha akiwa wa kwanza, wamesoma kwa mafiga yake.

Mafiga hayo hayo yalitaka kumhamisha. Moshi ulikwenda chini kwa chini hadi nyumba ya wageni ya jirani yake, Paschal, ukakaa kwenye mashuka. Wageni wakanung'unika. Mwezi uliopita mwenyekiti wa kitongoji aliwaita wote wawili, akampa Damari wiki mbili: moshi uishe, au ahamie nyuma ya soko.

"Nyuma ya soko lori halifiki," anasema. "Ningempikia nani, kunguru?"

Gesi aliipigia hesabu ikamshinda. Ndipo akakumbuka picha.

Marehemu baba yake, Mathayo, alikuwa mpishi wa jeshi katika vita vya mwaka 1979. Alirudi na picha moja. Inaonyesha lori lenye turubai, matangi ya maji yakiwa chini, na ubavuni mwa lori mtaro wenye masufuria makubwa. Mathayo ameshika mwiko mrefu kama mchi.

"Baba alisema moshi ulikuwa unawatangaza. Ukionekana juu ya miti, bomu linakuja kabla hamjapakua. Ndiyo maana wakapikia mtaroni."

Basi Damari akachimba mtaro, akaufunika kwa mawe na udongo, akaacha nafasi za sufuria. Akawasha. Moshi wote ukamrudia usoni.

"Mama Ritha," Paschal alimpigia kelele juu ya ukuta, "unapika au unachoma kijiji?"

Kosa lake lilikuwa kosa la Singida. Upepo wa huku hauna likizo, na binti anafundishwa kukinga moto kabla hajafundishwa kuuwasha. Damari alikuwa amechimba jiko linaloupa upepo mgongo, tena akaweka bati mdomoni mwake. Moto ukakosa pumzi.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Akaitoa tena picha, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Miaka yote nilikuwa namtazama baba tu. Siku hiyo nikalitazama lori."

Turubai la lori lilikuwa limevimba upande mmoja, kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Upepo ulikuwa unaingia mdomoni mwa jiko na kusukuma moshi kule mwisho. Na mdomoni hapakuwa na kizuizi chochote.

Akafukia mtaro ule, akachimba mwingine unaotazama mashariki, upepo unakotoka. Bati akalirudisha bandani kwa kuku.

Ijumaa iliyopita ilikuwa siku ya mwisho. Asubuhi Paschal alianika mashuka manane meupe kwenye kamba iliyo karibu kabisa na jiko. Damari akapika kilo kumi na tano za mchele. Saa tisa mchana Paschal na mwenyekiti wakayapitia mashuka, moja moja, wakinusa.

"Kama mbwa wa polisi," anasema Damari. "Mimi nimesimama tu, nawahesabia."

Paschal hakatai. "Nilitafuta moshi nikakuta sabuni. Ningesema nini? Nikamwambia mwenyekiti, mama akae."

Sasa wasiwasi ni mvua za Novemba, maana mtaro wa udongo utajaa maji. Damari ameshanunua matofali ya kuchoma 300, anahitaji mengine 200, na mabati sita ya kuezeka.

"Baba alichimba jiko la siku mbili, ya tatu lori linaondoka," anasema, akifunua wali. "Mimi siendi popote. Nataka langu liwe na kuta."