Udongo wa Dakop Bado Unashuka

Sudhanyo Mridha alivunjwa mkono siku ya Jumamosi, na Jumamosi ndiyo waliyoitaka.

Kila Jumamosi alipanda tuta la mchanga lililokandamiza tope mahali pa kujenga kimbilio la tufani huko Dakop, akapima vyuma vilivyozikwa humo vimeshuka kiasi gani tangu wiki iliyopita. Milimita kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Mwendo ulivyozidi kupungua ndivyo alivyojua siku ambayo tope litakuwa limekamuka maji na kutulia. Lakini wiki moja ikikosekana hesabu inakatika, na mkataba ulisema: pasipo kipimo, mkandarasi aanze kujenga. Watu mia nane wangejifungia ndani ya kimbilio hilo siku ya tufani, juu ya tope linalozama.

Dhiren, msimamizi wa mkandarasi, alimngoja juu ya tuta na vibarua wawili.

"Kaka Sudhanyo, nenda nyumbani ukale kamba wako. Udongo umeshalala."

"Kama umelala, mbona unaogopa nisije nikauamsha?"

Koleo la kibarua mmoja lilimpata kwenye kifundo cha mkono. Alisikia mfupa kabla ya maumivu. Wakamkanyaga mbavu, wakamviringisha hadi mtaroni, kisha Dhiren akaiponda darubini ya kupimia kwa nyundo, akaondoka akipangusa jasho.

Mkewe, Parul, alimkuta anatema damu.

"Twende kwa daktari, Baba Mitu!"

"Lete mpira wa maji wa waashi."

"Una wazimu?"

"Jua linatua, Parul."

Akauleta, mpira mrefu unaoonyesha maji yaliyomo ndani, akamsaidia kupanda tena tuta. Ncha moja akaifunga kwenye nguzo ya kipimo isiyoshuka, nje ya tuta, nyingine akaishika Sudhanyo kwa meno na mkono mzima, kando ya chuma. Maji yakatulia pande zote mbili kwa usawa mmoja.

Dhiren akarudi mbio, akaukanyaga mpira. Parul akamtwanga fimbo ya kupimia usoni, mara mbili, pua ikapasuka. Dhiren akaanguka, mguu ukauachia mpira. Maji yakacheza, yakatulia tena.

"Tisa!" Sudhanyo alipiga kelele, wanawake waliokuwa wakivua kamba chini ya tuta wakageuka. "Milimita tisa! Bado unashuka!"

Kibarua mmoja akamrukia, akampiga teke la mdomo, meno mawili yakatoka. Lakini wanawake walikuwa wameshaanza kupanda, nyavu mikononi, wakiulizana tisa ya nini.

Jumatatu mhandisi wa mradi aliiandika ile tisa katika hesabu. Mchanga ulikaa miezi minne zaidi kabla ya ujenzi kuanza. Mkono wa Sudhanyo uliunga umepinda.