Baba Mkwe Anakwenda Hijja, na Mlango Ninausimamia Mimi

Mhariri, naomba jina langu lisitoke gazetini, ingawa nikishasimulia kazi yangu, yeyote anayepita uwanja wa ndege wa Dodoma atanijua. Najifariji kwa jambo moja tu: bosi wangu hasomi magazeti ya Kiswahili.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wawili. Kwetu ni Mpwapwa, mume wangu kwao ni Kondoa, na tunaishi hapa mjini pamoja na wazazi wake. Mume alipunguzwa kazi shirika lao la umma lilipouzwa, na tangu hapo nyumba nzima inanitegemea mimi. Nimeajiriwa na kampuni ya ndege ya watu binafsi, hizi zilizoanza baada ya biashara kufunguliwa. Kazi yangu ni kusimama mlangoni kwenye chumba cha kupumzikia abiria wa daraja la juu. Ndani kuna makochi, feni, chai na soda za bure. Sheria inasema aingie mwenye tiketi ya daraja hilo na msindikizaji mmoja, basi.

Aliyetunga sheria hiyo haijui Dodoma. Bunge likianza, mheshimiwa mmoja anakuja na wapambe wa kujaza kochi zima, mwingine anaingia na makreti ya zabibu ya kupeleka Dar, na nikimzuia mtu ananiuliza kama namjua yeye ni nani. Juzijuzi mama mmoja mjamzito, tiketi yake halali mkononi, alikosa pa kukaa. Alisimama ameegemea ukuta huku vijana waliokuja kumsindikiza mtu wakinywa soda na kucheka. Akalalamika makao makuu. Meneja akaniita.

"Huu si ukumbi wa harusi," alisema. "Akiingia tena mtu asiyestahili, hata mmoja, kesho yake usije kazini."

Nikamuuliza, na waheshimiwa je? Akasema, "Hao niachie mimi. Nazungumzia watu wako wewe." Iliniuma sana, maana watu wangu hawajawahi kukanyaga mle.

Sasa wanakuja. Baba mkwe anakwenda Hijja. Mpwa wake, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, amemgharimia safari yote, na kwa kumheshimu mjomba akamkatia daraja la juu tangu hapa Dodoma. Na kwa watu wa ukoo huu, anayekwenda Hijja hasindikizwi na mtu mmoja. Wanakuja wote, naye kabla hajaondoka anamshika mkono kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, anamwomba radhi, ili asiondoke na kinyongo cha mtu yeyote.

Kikao kikafanyika nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na jikoni. Shangazi wa mume wangu akauliza wataagania wapi, maana nje ya uwanja ni jua na vumbi, na mzee magoti hayamruhusu kusimama muda mrefu. Mama mkwe akajibu kwa kujidai, "Wasiwasi wa nini? Mlango si wa mkwe wetu? Tutakaa ndani, kwenye makochi."

Wote wakanigeukia. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Mimi nilivyofundwa, mke wa mtoto habishani na wakwe mbele ya kikao. Wao walivyofundwa, mkwe akinyamaza amekubali. Vigelegele vikapigwa, na shangazi akaniombea dua.

Kesho yake nikamweleza mume wangu ukweli. Nikapendekeza mzee aagane na watu hapa nyumbani. Akasema mama yake ameshatuma ujumbe Kondoa, lori limeshapatikana, na litawashusha moja kwa moja uwanjani.

"Jana mdomo ulikuwa wapi?" akaniuliza. "Wapambe wa wakubwa unawafungulia, baba yangu unamfungia? Ukoo wangu ukiachwa juani mbele yako, usirudi tena nyumbani kwangu."

Nikamuuliza tutakula nini nikifukuzwa. Akachukua kofia yake, akaenda kucheza bao.

Nikaona bora nimwambie mzee mwenyewe, maana ndiye mpole wa nyumba ile. Nilimkuta barazani anajaribu kanzu yake mpya. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, nilitaka nianze na wewe." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimeishi nawe miaka mingi, na mimi nina ulimi mkali nikichoka. Kama nilikukosea, nisamehe. Wewe hujanikosea kitu. Nakwenda nikiwa radhi nawe."

Nililia, sikuweza kujizuia. Nikasema, "Nimekusamehe, baba." Akatabasamu, akaongeza, "Na hilo la kutupokea pale kwako, umetupa heshima. Kaka yangu anasema safari hii na yeye ataketi walipoketi mawaziri." Nikaaga, nikaenda kuchambua mchele usio na hata pumba.

Safari ni mwisho wa mwezi huu, na meneja ameshasema siku hiyo atakuwepo mwenyewe, kwa sababu ya msongamano wa Bunge. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Lakini mwenzangu wa zamu hatamfungulia hata mmoja wao, na wakwe watasema nimewakimbia. Kinachoninyima raha zaidi ni mzee. Ameniomba radhi mimi wa kwanza, na huenda nikawa mtu wa mwisho kumuumiza kabla hajapanda ndege kwenda kwenye nyumba ya Mungu.

Nikifungua mlango, watoto wangu hawana chakula. Nikiufunga, hawana nyumba. Wasomaji, hasa mnaoishi na wakwe, nipeni mawazo yenu kabla lori halijatoka Kondoa. Siku hiyo, mzee akinyoosha mkono kwa watu wake na mimi nimesimama katikati, niwaambie nini?