Kamba ya Ng'ombe Haipimi Shamba

Siku ya kugawa shamba la babu kule Butiama tulikuwepo sita: baba mdogo na mke wake, shangazi aliyetoka Nyasura, mwenyekiti wa kitongoji, mdogo wangu wa kike aliyekuwa kidato cha pili Musoma, na mimi. Baba na mama walikuwa wameshafariki. Nusu ya shamba ilikuwa ya baba, kwa hiyo ilikuwa yetu, na hilo hakuna aliyelipinga. Ilibaki kupima tu.

Shamba lenyewe lina umbo la kikaango: pana upande wa nyumba ya baba mdogo, halafu mpini mwembamba kando ya korongo. Baba mdogo aliunga kamba za kufungia ng'ombe, zake na za majirani, akaizungusha kamba hiyo ndefu kwenye ile sehemu pana mpaka ncha zikakutana. Hatua hamsini kila upande. Hiyo ikawa yake. Kisha akaizungusha kamba ile ile kwenye mpini, hatua tisini kwa kumi. Ncha zikakutana tena, na alama za mpaka zikapandwa.

"Kamba ni moja," akasema. "Sisi hapa tunapimaga hivi, na hakuna aliyewahi kulalamika."

Mwenyekiti akakubali kwa kichwa. Mimi niliacha shule mapema nikauza dagaa Mwisenge ili mdogo wangu asome. Niliona tunaibiwa, ila sikuweza kueleza tunaibiwa wapi. Yeye aliweza. Alisema mzunguko wa shamba ni kitu kimoja na ukubwa wake ni kingine. Ukubwa unaupata kwa kuzidisha urefu na upana. Kipande cha baba mdogo ni elfu mbili na mia tano, chetu mia tisa.

Baba mdogo akacheka. "Mwanangu, hizo hesabu za Musoma kazipande, tuone kama zitaota."

Mke wake naye akacheka. Shangazi akatuonya tusimvunjie mzee heshima. Mdogo wangu alifunga ncha za kamba pamoja, akaniomba nishike upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukarudi nyuma huku tukiivuta. Upana ukapungua, ukapungua, mpaka pande mbili za kamba zikalala chini zimegusana.

"Baba mdogo," akasema, "kamba ni ile ile. Shamba liko wapi?"

Baba mdogo aliitazama ile kamba, akaanza kuikunja, akasema ng'ombe wanaisubiri. Mwenyekiti akasema mtoto ana hoja, lakini mambo ya ukoo yana wenyewe, na alama za mpaka zimeshapandwa.

Ujinga ningeusamehe. Wale watu walielewa, niliwaona wakielewa, kisha wakaenda kula ugali. Shangazi, tukisubiri gari barabarani, ndipo akaniambia, "Mmeonewa, wanangu. Lakini mbele ya kaka yangu ningesema nini?"

"Ungesema hicho hicho, shangazi."

Tangu hapo nalima mpini. Mahindi ya mistari ya pembeni husombwa na korongo kila masika, na mimi hupanda tena. Alama za mpaka sijazing'oa, wala sijazikubali.

Msimu uliopita baba mdogo alimtuma mke wake alete gunia la mihogo mikavu, eti zawadi kwa watoto wa marehemu kaka yake. Nililipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mama mdogo, mwambie zawadi imefika, tunashukuru. Ardhi bado tunamdai."