Mama Alisafisha Shamba

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "wadau" hasira zinanipanda. Mwaka ule nilikuwa katibu wa mradi wa ushirikiano wa wakulima na wafugaji hapa kwetu Lumemo, na nilihudhuria vikao vingi kuliko misiba. Tulikaa Ifakara mjini, tukakaa Mkula, tukarudi kukaa Ifakara kwa sababu kule Mkula karatasi ya mahudhurio ilisahaulika. Kila kikao soda, na kila kikao mtaalamu wa mradi anatuchorea ubaoni moshi unaopanda juu na mvua zinazopotea.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, watu wawili wangelimaliza wakiwa wamesimama njiani. Sisi wa mpunga tukishapura tunachoma mabua. Wafugaji nao kiangazi kikikaza wanakosa malisho, ng'ombe wanaingia mashambani na kwenye hifadhi ya bonde, tunashikana mashati. Basi mkulima asichome. Mfugaji aje achukue mabua, alishe mifugo yake nyumbani, na yeye alete samadi. Moshi unapungua, udongo unapata nguvu, na sisi tunasalimiana. Nani angekataa?

Mimi nilipangiwa Msukuma mmoja anayekaa ng'ambo ya mto, mtu wa maneno machache. Wenzake walikuwa wanahamisha mifugo kwenda kusini, na yeye alishaanza kufunga mizigo. Nikamzuia mimi, kwa mdomo wangu huu.

"Kaka, usihame. Mabua ya shamba letu lote ni yako."

Akauza baadhi ya ng'ombe, waliobaki akawajengea zizi jipya, akabaki. Kiangazi chake chote alikiweka juu ya neno langu.

Sasa, shamba si langu, ni la mama. Habari ya mabua niliieleza kata, nikaieleza wilaya, nikaieleza kwa wageni waliokuja na gari lenye kiyoyozi. Mama nilimwambia siku moja kabla mfugaji hajaja, huku nikitafuta viatu uvunguni: "Mama, kesho tuna wageni shambani." Basi. Nikaondoka kwenda mjini kutoa kopi za fomu ya makubaliano.

Narudi alasiri nimepanda bodaboda, naona moshi mzito upande wa kwetu. Nikamgonga dereva begani.

"Hebu ona! Kuna mjinga anachoma mabua!"

Nilimkuta mama pembeni ya shamba, kanga kiunoni, miguu imejaa majivu, anacheka kwa furaha. Kwa Wandamba wa umri wake, shamba lenye mabua ni uwanja usiofagiwa, na uwanja usiofagiwa haukaribishi mtu.

"Nimekusafishia," akasema. "Wageni wako wasije wakatuona wachafu."

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mama kelele maishani, siku ile nilipiga.

"Mama! Hayo mabua ndiyo wanayoyafuata!"

"Wageni wanafuata takataka? Wageni gani hao?"

"Chakula cha ng'ombe, mama! Tumekaa vikao mwaka mzima!"

"Mlikaa na nani? Mimi nilikuwa hapa hapa. Mbona hukuniambia?"

Nilimkasirikia zaidi kwa sababu alikuwa na haki.

Kesho yake asubuhi mfugaji akafika na mkokoteni wa maksai. Ulikuwa umejaa samadi mpaka inamwagika. Akasimamisha maksai, akalitazama shamba jeusi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akamgeukia mama.

"Shikamoo mayu," akamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nikaanza kumweleza, na maneno yaliyonitoka yalikuwa ya vikaoni: changamoto, uelewa wa jamii, upungufu wa elimu. Nilijisikia aibu mpaka masikioni. Yeye akachukua beleshi, akaanza kushusha samadi.

"Kaka, acha. Rudi nayo."

"Nilisema nitaleta," akajibu, akaendelea kushusha.

Mama hawezi kuona mgeni akiondoka mikono mitupu. Akaingia ndani, akaburuta gunia la pumba alilowawekea kuku wake, akampa. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Gunia moja, kwa zizi zima la ng'ombe! Saa sita wakaja watu wa mradi, wakapiga picha rundo la samadi, wakaandika kwamba mabadilishano yamefanyika.

Nilizunguka kwa majirani kuomba mabua. Waliokuwa hawajachoma walishawaahidi wafugaji wengine. Wiki chache baadaye mfugaji akavunja zizi lake jipya, akafuata wenzake kusini, nyuma yao wote, wakati njiani hata majani hayapo tena. Alikuja kumuaga mama. Mimi nilikuwa kikaoni.

Msimu uliofuata tulivuna mpunga ambao hatujawahi kuuona, samadi ile ilifanya kazi yake. Mradi ulikuwa umeshaisha, bango lake linaanikiwa nguo. Mama alipomaliza kupura aliyapanga mabua rundo refu kuliko jiko letu, akalifunika kwa turubai kumngoja yule mfugaji. Anafukuza mbuzi. Mtu akipita na sigara anamkemea kutoka mbali.

Namba ya yule bwana nimeipiga mara nyingi, haipatikani. Nimewauliza Wasukuma mnadani, mmoja akaniambia alisikia ng'ombe wengi walifia njiani, hajui ni wa nani. Hilo sijamwambia mama.

Jana nilimkuta anakaza kamba za turubai, upepo ulikuwa umelifunua upande mmoja. Hakugeuka kunitazama.

"Wewe mtoto," akasema, "safari hii umemwambia?"