Siku Nne Bila Maziwa

Watu wa bahari ya chumvi wakinisikia nasema nimekulia pwani watanicheka, na wacheke, mimi nimezoea. Pwani yetu ilikuwa ukingo wa mto Kagera, upande wa huku Karagwe: matope mpaka magotini, mafunjo kila unapotazama, na viboko wanaokoroma kumshinda baba yangu. Lakini vyombo tulikuwa navyo, manahodha tulikuwa nao, na kiburi chote cha watu wa maji tulikuwa nacho. Kilichopungua ni bahari tu.

Mimi kwetu hasa ni Chonyonyo, kwa watu wa migomba na kahawa. Shule ya misheni niliisoma mpaka katikati ya darasa la tatu, nusu iliyobaki iko hukohuko, sijarudi kuichukua. Nilifukuzwa kwa ajili ya mdomo. Niliiga kikohozi cha padri wakati wa sala, darasa zima likaangua kicheko, kumbe padri amesimama nyuma yangu. Baba akanipeleka mtoni kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa na mitumbwi miwili kivukoni. Akamwambia, "Mpe kasia huyu. Labda maji yatamziba mdomo."

Hayakuuziba. Miaka ikapita, nikaota ndevu tatu, nikawa mpiga kasia kamili, na mdomo ukakua pamoja nami.

Kivuko ndicho kilichotulisha. Mtumbwi mmoja ulichongwa kwenye gogo zima, miezi miwili ya shoka na tezo, halafu kijiji kinaukokota mpaka majini kwa nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Tulivusha mikungu ya ndizi, kahawa, mikeka, ngozi, na samaki waliokaushwa kwa moshi. Tulivusha na ng'ombe. Ng'ombe haingii mtumbwini, anaogelea ubavuni, na mtu mmoja amelala kifudifudi ukingoni mwa mtumbwi amemshika pembe, kichwa kisizame. Ndama anafungwa miguu, analazwa ndani. Mwingine anapiga maji kwa mti mrefu ili mamba wasikie kelele. Kazi hiyo nilikuwa naiweza sana, maana ni kelele tu.

Sasa wafugaji wa enzi ile, hata waliobatizwa, samaki walikuwa hawali. Tena si kutokula tu. Mtu akionja samaki, maziwa hayanywi na chuchu ya ng'ombe haigusi mpaka siku ya nne, anywe dawa ya kutapika, asafike. Akikamua kabla ya hapo, ng'ombe anakauka na ndama anakufa. Hivyo ndivyo walivyoamini. Na kwao mwanamke hakamui, awe nani, awe na njaa ya namna gani. Sisi wala samaki walituona uchafu. Walipofika kivukoni waliziba pua na pindo la nguo, wakatutupia salamu kwa mbali kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa.

Mjomba akawatungia adhabu yake. Mfugaji asiye na samli wala ngozi ya kutoa, anavuka kwa kula kipande cha samaki. Akikubali, tunacheka mpaka jioni. Akikataa, arudi alikotoka. Ila kulikuwa na sharti moja, na mjomba alilishika: aliyekula, siri yake inabaki kwetu. Alisema, "Tumcheke. Tusimuue."

Ilikuwa miaka ya vita kubwa ya pili, na ng'ambo kulikuwa na njaa. Asubuhi moja tulikuwa upande wa pili tukamwona mtu mrefu anatoka kwenye majani, amembeba mama yake mgongoni kama mzigo wa kuni, nyuma yake ng'ombe mmoja na ndama. Kundi lote lilikuwa limebaki hilo. Alikuwa anakwenda Isingiro, kwa dada yake aliyeolewa huko. Mama alikuwa mzee wa ngozi na mifupa, rozari shingoni, na alikuwa haishi kwa kitu kingine ila maziwa. Meno hakuwa nayo, na tumbo lake lilikuwa halijui chakula kingine. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, basi.

Yule mtu alimlaza mama yake kivulini, akaja kwetu. Hakuziba pua.

"Shikamoo, waitu," akamwambia mjomba, kama anayemwita bwana wake.

"Marahaba. Una samli?"

"Sina."

"Ngozi?"

"Ngozi niliyonayo ni hii niliyoivaa mwenyewe."

Wenzangu wakacheka. Mjomba akanionyesha kwa kidevu nilete kambale wa moshi. Nikaleta, tena nikachagua kipande cha kichwa chenye macho, maana mimi kazi mbovu siifanyi. Tukaenda naye nyuma ya mafunjo, mama yake asione. Alikiangalia kile kipande muda mrefu. Halafu akala, chote, machozi yanamtoka, nami nikamwambia, "Polepole kaka, kuna mwiba, usije ukafa ukatuachia ng'ombe."

Alipomaliza akamwambia mjomba kwa sauti ya chini, "Mama asijue. Jioni nitamkamulia. Kama kuna laana, inipate mimi na ng'ombe, yeye anywe."

Mjomba akasema, "Hajui mtu."

Tukaingia majini. Mama katikati, amekaa juu ya mafunjo makavu, ndama miguuni pake. Mwanawe amelala ukingoni ameshika pembe za ng'ombe. Mimi mbele na mti wangu, napiga maji, napiga na kelele. Wenzangu walikuwa wananitazama, wananisubiri. Mtu akishaitwa mchekeshaji, bwana, anakuwa kama punda wa watu, hawezi kukaa hivihivi. Nikageuka nikasema,

"Mama, mshukuru mwanao. Leo amekuwa mtu wa pwani. Mnuse mdomo!"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka. Mjomba peke yake ndiye aliyeacha kupiga kasia.

Mama aliinama taratibu mpaka karibu na uso wa mwanawe, ambaye hakuweza kugeuka kwa sababu ya zile pembe, akanusa. Akarudi kukaa wima.

"Umekula lini?" akamwuliza.

"Sasa hivi, mama."

"Basi siku nne."

Tulipowashusha upande wetu mjomba alinipiga kasia la mgongoni, na sijawahi kupigwa kwa haki kama siku ile. Kisha akawajengea kibanda cha majani juu ya ukingo. Mama hakuweza kubebwa tena. Kila akiinuliwa pumzi ilikuwa inakata.

Siku ya kwanza mwanawe alimpigia magoti. Yule bibi hakutaka kusikia. Mjomba akamleta katekista kutoka kigango cha jirani, akamweleza bibi kuwa Mungu alishavitakasa vyakula vyote, yameandikwa. Bibi akamsikiliza kwa adabu, akamjibu, "Mungu wako hana ng'ombe mmoja na ndama mmoja. Mimi ninao. Wakifa hawa, mwanangu atakaa na nini?"

Tukampikia uji wa ndizi, tukauponda mpaka ukawa laini kama matope. Akaulamba kidogo, ukarudi. Tukamletea rubisi, ile pombe ya ndizi, akasema chungu kinanuka samaki. Na kweli kilikuwa kinanuka. Pwani yetu yote hapakuwa na chombo kimoja kisichonuka, wala mkono mmoja. Tulikuwa watu zaidi ya thelathini pale kivukoni, na ng'ombe amejaa maziwa yanadondoka chini, na hakuna hata mmoja wetu wa kumkamua. Ndama alikuwa ananyonya mpaka anashindwa kusimama.

Siku ya pili alfajiri nikapanda mlimani kutafuta mfugaji. Nusu siku ya kutembea. Nikamkuta mmoja, peke yake na kundi, amesimama juu ya kichuguu na mkuki. Nilipofika hatua thelathini akaniambia simama hapohapo. Nikamweleza kila kitu, na safari hii sikutia chumvi wala mzaha.

"Njoo umkamulie tu," nikamwambia. "Au nipe maziwa nimpelekee."

"Utayabeba na nini?"

"Na mikono."

"Hiyo?" akasema. Akanitazama vidole. "Ndugu zangu wamekwenda mnadani. Nikiacha ng'ombe hawa, simba anashukuru. Kesho kutwa wanarudi. Nitakuja mwenyewe."

"Kesho kutwa ni siku ya nne, kaka."

"Basi mngengoja kumlisha samaki mpaka ndugu zangu warudi."

Nikageuka nikashuka mlima. Huyo mtu ndiye mchekeshaji, si mimi.

Siku ya tatu bibi alikuwa hasemi. Mwanawe alichovya kitambaa kwenye maji ya mto akamlowesha midomo. Wenzangu waliendelea kuvusha watu, kazi ni kazi, ila walikuwa wakipita pale kibandani wananyamaza, na mmoja akaniambia, "Sasa mbona huchekeshi? Si ndiyo kazi yako?" Akaenda zake.

Siku ya nne, jua linachomoza, mwanawe alikunywa dawa yake. Akatapika mpaka nikafikiri ataanguka. Akaoga mtoni, akasugua mdomo kwa majivu, akatoa ekyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa alichokuwa amekificha mzigoni mbali na hewa yetu. Akakamua. Nilikuwa nasikia maziwa yanavyopiga chomboni kutoka pale nilipokaa. Akaingia kibandani amekishika kwa mikono miwili.

Alikaa ndani kidogo tu. Akatoka na chombo kimejaa vilevile.

Tulijua. Mjomba akavua kofia. Watu wakaweka makasia chini, mmoja akafanya ishara ya msalaba. Yule mtu hakumtazama yeyote, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akanyoosha chombo.

"Kunywa," akasema.

"Kaka, mimi nimekula samaki jana. Nimekula na asubuhi hii. Ng'ombe wako—"

"Kunywa."

Nikamtazama mjomba. Mjomba akatazama maji.

Nikakipokea. Kilikuwa cha moto bado, na povu juu. Nilikunywa nimesimama, watu wote wananitazama, na yule mtu hakuondoa macho mpaka nikakigeuza chombo nikamwonyesha kuwa hakuna kitu. Yalikuwa matamu. Tangu kuzaliwa kwangu nilikuwa sijanywa kitu kitamu kama kile, na nilipokishusha chombo nilijikuta nalamba midomo.