Mama Panya na Ini la Mumewe

Mtaani wanamwita dada yangu Mama Panya, na kazi yake ndiyo hiyo: anatunza panya weupe wa maabara. Kundi moja hulishwa chakula kilichojaa mafuta na maji ya sukari, mpaka maini yao yanenepe, ndipo watafiti wawajaribie dawa. Kundi la pili hula chakula cha kawaida, ili pawe na wa kulinganisha nao. Ukiwavuruga hao, umetupa kazi yote jalalani.

Na ndivyo alivyofanya mwenzake mpya. Aliwaonea huruma wale wa chakula cha kawaida, akawa anawatilia maji ya sukari kwa siri. "Jamani, nao si wana roho?" akajitetea. Utafiti ukaanza upya, dada akisugua vizimba huku anasonya.

Ungedhani nyumbani angepumzika. Wapi! Shemeji ana ugonjwa uleule wa ini kujaa mafuta. Daktari alimwambia wazi: usipoacha vya kukaanga na soda, ini litaota makovu, na hapo hatutakuwa na la kukusaidia.

"Si mnatengeneza dawa? Naisubiri," shemeji akamwambia mkewe.

Dada akaanza kupika mboga za kuchemsha. Shemeji alizila kwa uso wa mtu aliyefiwa, lakini tumbo likakataa kupungua. Dada akajilaumu, akapunguza mpaka chumvi, na mimi ninayekaa kwao nikaanza kula kwa jirani.

Jumamosi alirudi mapema, mimi nyuma yake, akafungua mlango wa jikoni. Kikulacho kweli ki nguoni mwako: mama mkwe wake alikuwa mbele ya kikaango, na shemeji kakalia ndoo, midomo inang'aa mafuta, chupa ya soda mkononi.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

"Mume wako anakonda, mkwe wangu. Namwonea huruma."

"Anakonda wapi?"

Huruma tena! Dada alijishika kiuno. "Mama, kule kazini kuna panya wanene tuliowarudisha kwenye chakula cha kawaida. Maini yao yamesafika, bila dawa yoyote."

"Hao ni panya. Huyu ni mwanangu."

"Ndiyo, mama," dada akasema, machozi yakimlengalenga. "Angekuwa panya, angeshapona."

Shemeji aliacha kutafuna. Mama yake akazima jiko.