Siku Redio Ilipokohoa Kama Mjomba

Jamani, hii huwa naisimulia nikiwa nimeshiba tu, maana hadi leo inanitoa jasho.

Ilikuwa ile miaka redio binafsi zinaota kama uyoga, moja ikafunguliwa hapa Morogoro mjini, nami (Mnyamwezi wa watu, programu nimejifunza juzijuzi) nikapewa kazi ya kuandika programu ya kurusha vipindi vilivyorekodiwa. Wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa kwa akina Yustina kule Mgeta, na kwa Waluguru neno la mwisho ni la mjomba, na mjomba alikuwa hajatamka lolote. Basi nikamwalika kwenye ufunguzi, aone kwamba mimi si mzururaji.

Programu niliiandika nyumbani kwenye Windows, ambako majina ya folda na faili hutenganishwa kwa mkwaju, kile kistari cha mshazari, unaolalia nyuma. Kompyuta ya redio ilikuwa ya Linux, yenyewe inataka unaolalia mbele. Hamisi, fundi mitambo wa pale, akaniuliza, "Umeijaribu kwenye mashine yetu?"

"Kaka, kompyuta ni kompyuta," nikamjibu. (Mdomo huu!) Tena nikajifanya mjanja, nikaiagiza programu kwamba ikikosa faili icheze sauti yoyote iliyo jirani, redio isikae kimya.

Siku ya ufunguzi ikafika, mgeni rasmi akabonyeza kitufe ili irushwe hotuba yake iliyorekodiwa. Programu ikatafuta hotuba kwenye folda ya vipindi, mkwaju umelala siko, haikuona folda wala hotuba, ikanyakua sauti pekee iliyokuwa jirani: mimi, siku ya majaribio, nikimwigiza mjomba akigombana na dereva wa lori la kabichi, lafudhi yake, kikohozi chake, na jina nimelitaja! Mji mzima ukasikia. Nikakimbilia kuzima, nikajikwaa kwenye waya, kumbe nimechomoa taa, tukabaki gizani redio inakohoa.

Taa ziliporudi mjomba alikuwa amesimama.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mjomba. Shikamoo."

"Wewe si Mnyamwezi wewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Yaani mtani wangu anikohoe redioni bure?" Akaangua kicheko mpaka kofia ikadondoka, maana Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi. "Utanilipa jogoo. Na binti mchukue, nani mwingine atakutaka baada ya leo?"

Nilifurahi mpaka nikasahau kuona haya.

Tangu hapo sijaandika mkwaju kwa mkono, naiachia programu iuweke yenyewe kulingana na mashine iliyomo. Ila mjomba akija kwetu hapigi hodi, anakohoa tu nje, na Yustina ananigeukia: "Kamfungulie, au faili halijaonekana?"